Fuvu la Mzee na Lugha ya Mionzi: Mgonjwa wa Taita Taveta Anastahili Kuelezwa

Utangulizi

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humuumbua. Aghalabu methali hii huelekezewa mgonjwa, kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kuficha. Makala haya yanakusudia kuigeuza upande wa pili na kuyatazama maradhi yanayofichwa na lugha. Nalileta suala hili mbele ya wana-Kiswahili kwa sababu ya jambo mahususi: saratani ya tezi dume iliyokwisha kuenea hadi katika mifupa ya kichwa, na mzee wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta ambaye ameambiwa kuwa hatua inayofuata ni matibabu ya mionzi.

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume nchini Kenya. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani za aina zote nchini kuwa 42,116 na vifo kuwa 27,092. Kati ya wagonjwa hao wapya, wanaume wenye saratani ya tezi dume walikadiriwa kuzidi 3,000. Wengi wa wanaume hao hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kutoka pale ulipozaliwa. Kwa hiyo tunayemzungumzia hapa ni baba, babu, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa au wa msikiti, ama mfanyakazi wa zamani wa mashamba ya mkonge ya Mwatate.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anayeombwa alaze kichwa chake chini ya mashine ya mionzi ana haki ya kuambiwa, kwa lugha anayoimiliki, atafanyiwa nini, kwa matumaini gani, na ni jambo gani ambalo matibabu hayo hayawezi kulifanya. Haki hii tayari imo katika sheria za nchi. Kinachokosekana ni watu wa kuitimiza, na baadhi ya watu hao ni sisi tunaojiita wapenzi wa Kiswahili.

Maradhi yanavyofika kichwani

Tezi dume ni kiungo kidogo, chenye ukubwa unaokaribia ule wa ndimu ndogo, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Wapo wanaouita ugonjwa huu saratani ya kibofu, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza wa lugha unapozaliwa, maana kibofu kina saratani yake, yenye visababishi vyake na matibabu yake. Mzee aliyeambiwa ana saratani ya kibofu, akapewa sindano za kupunguza homoni za kiume, hawezi kuuona uhusiano wa dawa na ugonjwa. Asipouona uhusiano huo, si ajabu akiacha kuzifuata sindano hizo.

Seli za saratani hii zina mazoea ya kuhamia mifupani: nyonga, uti wa mgongo, mbavu, mapaja, na hatimaye fuvu. Mwaka 1940 mwanaanatomia wa Kimarekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa mishipa ya damu unaozunguka uti wa mgongo ambao hauna vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Mtu akikohoa au akijikamua, damu ya nyonga inaweza kupanda kwa njia hiyo bila kupitia moyoni kwanza. Wataalamu huutumia mtandao huo kueleza, angalau kwa sehemu, jinsi ugonjwa uliozaliwa chini ya kibofu unavyoweza kuonekana miaka baadaye karibu na jicho au sikio.

Fuvu lina paa na sakafu. Saratani ikikaa katika paa, mgonjwa anaweza kuhisi uvimbe mgumu chini ya ngozi ya kichwa, au maumivu, au asihisi lolote. Ikikaa katika sakafu mambo huwa mazito zaidi. Sakafu ya fuvu imetobolewa matundu madogo ambamo neva hupita kwenda machoni, usoni, ulimini na kooni, na uvimbe ukikua penye tundu huibana neva iliyomo. Mzee huanza kuona vitu viwiliviwili. Ukope mmoja hulegea, kidevu hufa ganzi, sauti hukwaruza na maji humpalia. Familia humpeleka kwa daktari wa macho, au humnunulia dawa ya meno, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Mkojo na tezi dume havimjii mtu akilini, kwa kuwa kidevu na kibofu viko mbali.

Kuna tofauti moja ambayo kila mgonjwa wa namna hii apaswa kuelezwa bila haraka. Saratani iliyomo katika mfupa wa fuvu ni ile ile ya tezi dume, iliyohama. Haikuzaliwa mfupani, na kuwa kwake katika fuvu hakumaanishi kwamba imeingia ndani ya ubongo. Tofauti hii huamua dawa atakazopewa na hofu atakayoibeba usiku. Mtu anayedhani ana saratani ya ubongo huanza kuaga, ilhali huenda bado ana akili timamu na muda wa kupanga mambo yake.

Fuvu katika ardhi ya Wataita

Ipo sababu ya kulijadili jambo hili kwa kuitaja Taita. Wataita wa kale walikuwa na desturi ya kulifukua kaburi la mzee baada ya muda kupita, wakalitoa fuvu lake na kuliweka pangoni pamoja na mafuvu ya waliomtangulia katika ukoo. Mapango ya namna hiyo yangaliko katika milima ya Taita. Fuvu halikuwa mfupa tu. Kupitia hapo ukoo uliwakumbuka wazee wake na kuwaendea wakati wa shida. Desturi hiyo ilififia kadiri dini za kigeni zilivyoenea, lakini heshima ya kichwa cha mzee haikufutika kwa siku moja. Anayedhani hofu ya mzee kuguswa kichwa ni ujinga wa kutokwenda shule hajaitazama historia ya milima hiyo.

Historia hiyo ina sura nyingine. Wakati wa ukoloni, mafuvu kadhaa ya Wataita yalichukuliwa, yakapelekwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na kupimwa urefu, upana na kimo. Matokeo ya vipimo hivyo yalichapishwa mwaka 1931, na kwa miongo iliyofuata watafiti wa nchi mbalimbali wamekuwa wakivitumia vipimo vya mafuvu ya Wataita kulinganisha binadamu wa huku na wa kule. Katika majedwali hayo, fuvu la mzee wa mtu ni tarakimu.

Silitaji hili ili kuwafananisha madaktari wa saratani na wapimaji wa kikoloni. Shabaha zao ziko mbali kama ardhi na mbingu, kwani mmoja hutafuta takwimu na mwingine hutafuta kumpunguzia mtu maumivu. Nalitaja kwa sababu tendo lenyewe, kwa macho ya nje, linafanana: kichwa cha Mtaita kinapimwa kwa milimita na watu wanaozungumza lugha asiyoielewa. Kinachozitenganisha nyakati hizi mbili ni ridhaa, na ridhaa haiwezi kuwapo pasi na maelezo yanayoeleweka. Sahihi iliyotiwa chini ya karatasi ambayo mtu hakuielewa ni wino tu.

Neno "kuchomwa"

Mitaani, matibabu ya mionzi huitwa "kuchomwa". Utasikia mtu akisema kuwa shangazi yake alikwenda Nairobi kuchomwa, au kwamba mzee fulani amekataa kuchomwa kichwa. Neno hili limetokana na tajriba ya kweli, kwani mionzi inaweza kuigeuza ngozi rangi na kuikausha, hasa inapotolewa kwa kiwango kikubwa. Hata hivyo, neno hilo linapofika kichwani huzaa picha ya kutisha. Mzee huona moto, huona ubongo ukiungua, huona akili ikimtoka. Akiambiwa "mionzi" hali haibadiliki sana, maana neno hili kwa wengi ni la darasa la fizikia. Akisikia pia kwamba atafungwa kitu usoni na kuachwa peke yake chumbani, hurejea nyumbani.

Hebu tuyaeleze matibabu hayo jinsi yalivyo, tuone kama Kiswahili kinashindwa.

Kwanza, mgonjwa hupigwa picha za kichwa ili wataalamu waone mahali hasa palipo na ugonjwa. Kisha hutengenezewa barakoa. Bamba la plastiki lenye vitundu vingi hulainishwa katika maji ya moto, likalazwa usoni likiwa na joto la kuvumilika, na baada ya dakika chache likapoa na kushika umbo la uso wake. Barakoa hiyo hufungwa kwenye kitanda cha matibabu ili kichwa kisisogee, kwa kuwa mionzi inalenga sehemu ndogo iliyo karibu na macho na ubongo. Mgonjwa hupumua kupitia vitundu. Wahudumu hutoka chumbani kwa sababu wao hukaa karibu na mashine hiyo kila siku ya kazi, ila humtazama kupitia kamera na anaweza kuzungumza nao. Mashine huzunguka na kutoa mlio. Mionzi yenyewe haionekani wala haihisiwi, mithili ya eksirei, na kwa kawaida shughuli ya kila siku humalizika kwa dakika chache.

Pili, mionzi hiyo haibaki mwilini. Mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya nje anaweza kumpakata mjukuu wake siku iyo hiyo. Tatu, yapo madhara, nayo yasifichwe. Uchovu ni wa kawaida. Nywele hunyonyoka mahali palipopitiwa na mionzi. Takriban thuluthi moja ya wagonjwa wanaotibiwa mifupa huona maumivu yakizidi kwa siku chache za mwanzo kabla ya kupungua, na asiyeonywa kuhusu siku hizo hudhani ameharibiwa, akaacha kurudi. Nafuu yenyewe haiji siku hiyo hiyo. Huchukua siku kadhaa hadi majuma kadhaa, na takriban wagonjwa 6 katika kila 10 huipata kwa kiasi fulani au kikamilifu. Neva iliyobanwa inaweza kurudia kazi yake, na uwezekano huo hupungua kadiri mtu anavyochelewa.

Maelezo haya yametolewa kwa Kiswahili cha kawaida, na sikuhitaji istilahi ngeni ila chache. Basi hoja kwamba lugha yetu haina uwezo wa kulibeba jambo hili haina mashiko.

Kuponya na kutuliza

Neno gumu kuliko yote katika mazungumzo haya si mionzi bali ni uponyaji. Saratani ya tezi dume iliyofika katika fuvu haiponywi kwa mionzi ya fuvu. Mionzi hiyo hutolewa ili kupunguza maumivu, kuiokoa neva inayobanwa na kuuhifadhi uwezo wa kuona, kumeza na kusema. Ugonjwa kwa jumla hudhibitiwa kwa kupunguza homoni za kiume, njia ambayo msingi wake uliwekwa na Charles Huggins huko Chicago mwaka 1941 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Homoni hizo hupunguzwa kwa sindano au kwa kuziondoa korodani kwa upasuaji. Zipo pia dawa nyingine zinazoongezwa kutegemea hali ya mgonjwa. Kwa matibabu hayo wapo wanaoishi miaka.

Katika Kiswahili cha Tanzania huduma za namna hii huitwa tiba shufaa. Neno hilo ni zuri na limezoeleka huko, ila kwa Mwislamu wa Pwani shufaa ni uombezi, hasa ule unaotarajiwa Siku ya Kiyama. Mzee wa Taveta au wa Voi akiambiwa kuwa sasa anaanzishiwa shufaa, haitakuwa ajabu akiuliza sanda imenunuliwa wapi. Huku kwetu "huduma za kutuliza" huenda likafaa zaidi, nalo lina upungufu wake, kwa kuwa kutuliza huweza kufahamika kama kubembeleza. Huu ni mfano wa kazi ya istilahi ambayo haiwezi kumalizwa na kamati mezani. Ni sharti istilahi zipimwe kwa wagonjwa wenyewe.

Kutojua tofauti kati ya kuponya na kutuliza kuna gharama mbili zinazopingana. Yupo anayedhani mionzi itauondoa ugonjwa wote, akauza sehemu ya shamba, na nafuu aliyoipata akaiona kuwa ni udanganyifu kwa sababu hakuahidiwa nafuu bali alijiahidi uponyaji. Yupo pia anayesikia kwamba hataponywa, akahitimisha kuwa hakuna faida ya kwenda, akabaki nyumbani na maumivu yanayoweza kutulizwa, hadi jicho moja likafa. Wote wawili wamekosa sentensi moja: "Mzee, hatutauondoa ugonjwa huu, lakini tunaweza kukupunguzia maumivu na kukusaidia usipoteze uwezo wa kuona."

Watu mashuhuri nao wamewahi kusimama mbele ya ukweli huu. François Mitterrand aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyofika mifupani mwezi Novemba 1981, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa kuwa rais wa Ufaransa. Habari hiyo ilifichwa kwa umma hadi mwaka 1992, huku taarifa za afya zikitolewa kana kwamba hana neno. Nelson Mandela, kwa upande wake, alitangaziwa ulimwengu kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, na akaishi hadi mwaka 2013. Mwezi Mei 2025 ilitangazwa kuwa Joe Biden, rais wa zamani wa Marekani, ana saratani hiyo nayo imefika mifupani, na katika mwezi wa Oktoba mwaka huo akawa anatibiwa kwa mionzi. Hali za watu hawa hazikuwa sawa wala hazipaswi kulinganishwa na za mgonjwa mwingine. Ninachokichukua kwao ni kwamba ugonjwa huu unaweza kutajwa hadharani bila heshima ya mwanamume kuporomoka.

Kwetu wana-Kiswahili upo mfano wa karibu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetumia nusu ya umri wake kuzitetea lugha za Kiafrika, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 1995. Aliaga dunia mwezi Mei 2025, miaka 30 hivi baadaye. Sisemi kwamba kila mgonjwa atapata miaka hiyo, hasa ambaye ugonjwa wake umekwisha kufika fuvuni. Ila ni jambo la kutafakariwa kwamba bingwa wa lugha za mama aliishi muda mrefu na maradhi ambayo wazee wengi wa nchi yake hawajaelezwa kwa lugha hizo.

Safari na hesabu ya siku

Kaunti ya Taita Taveta haina mashine ya mionzi. Kwa miongo mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye huduma hiyo. Hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliongezeka kuanzia mwaka 2019, na katika miaka iliyofuata serikali ikaingia katika kufungua vituo vya saratani vya kanda Mombasa, Nakuru na Garissa. Kutoka Voi hadi Mombasa ni takriban kilomita 150, na hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya husimama Voi, na huo ni msaada mkubwa kwa mtu mwenye maumivu ya mifupa ambaye kila tuta la barabarani ni adhabu kwake. Lakini anayetoka Taveta huwa amekwisha kusafiri kilomita zaidi ya 100 kabla ya kuifikia Voi.

Hapa ndipo maelezo yanapogeuka kuwa fedha na nguvu za mwili. Kwa maumivu ya mfupa yasiyo na matatizo mengine, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mionzi ya grei 8 inayotolewa mara moja hutuliza maumivu sawa na ile inayogawanywa kwa siku kadhaa, kwa mfano grei 20 kwa mara 5 au grei 30 kwa mara 10. Tofauti ni kuwa waliotibiwa mara moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi. Ugonjwa ukiwa katika sakafu ya fuvu na ukiwa unabana neva, madaktari aghalabu huchagua kugawanya. Huo ni uamuzi wao wa kitaalamu, wala sikusudii kuwafundisha kazi. Ninachosema ni kwamba mzee wa Taveta ana haki ya kuuliza: "Daktari, kwa hali yangu, je, mara moja itatosha, au ni lazima siku kumi?" Jibu la swali hilo linaweza kumaanisha safari moja au majuma mawili ya kukodi chumba Mombasa pamoja na mwana aliyeacha kibarua chake ili amsindikize. Mtu asiyejua kuwa kuna njia zaidi ya moja hawezi kuuliza.

Gharama za hospitali nazo ni lugha nyingine. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na malipo ya saratani yamewekewa kikomo kwa kila kaya kwa mwaka. Mgonjwa anayetumia mgao huo kwa picha, sindano na mionzi anahitaji kujua mapema kipi kitakula kiasi gani. Fauka ya hayo, ipo dawa ya maumivu ambayo wengi huiogopa kwa jina lake: morfini ya kunywa. Nchini Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa mwaka 1993, morfini hiyo imekuwa ikichanganywa humo humo nchini kwa bei nafuu na kutumiwa na wagonjwa wakiwa majumbani mwao. Kenya nayo ina vituo vya huduma hizo, kikiwamo cha Mombasa. Mgonjwa anayesubiri zamu yake ya mionzi hana sababu ya kusubiri akiwa analia, lakini sharti aambiwe kwamba morfini aliyopewa na daktari kwa ajili ya maumivu haimgeuzi kuwa mlevi.

Pingamizi na majibu

Yapo mapingamizi matatu ninayoyatarajia. La kwanza ni kwamba daktari hana wakati. Hilo ni kweli, kwani foleni ni ndefu. Lakini dakika kumi za kueleza ni nafuu kuliko mgonjwa anayetoroka baada ya barakoa yake kutengenezwa, au anayerudi miezi mitatu baadaye akiwa kipofu. Aidha, si lazima maelezo yote yatoke kinywani mwa daktari. Yanaweza kutolewa na muuguzi, na mwanafunzi aliyefunzwa, na kijitabu kilichoandikwa vyema.

La pili ni kwamba wazee huvunjika moyo wakiambiwa ukweli, na kwa hiyo ni uungwana kumwambia mwana na kumficha baba. Nakiri kwamba katika jamii zetu habari nzito hupitishwa kwa jamaa, na desturi hiyo ina hekima yake. Wapo pia wazee watakaosema wenyewe, "Mwelezeni mwanangu, mimi sitaki kusikia." Huyo amechagua, na uchaguzi wake uheshimiwe. Lakini kumfanyia uchaguzi kabla ya kumuuliza ni kumfanya mtoto. Mzee huyo ndiye aliyesuluhisha kesi za mipaka ya mashamba na kuzika wazazi wake. Ukweli hautamshinda kwa kuwa tu ni wake mwenyewe.

La tatu ni la kiistilahi, na nimekwisha kulijibu kwa vitendo.

Sheria imekwisha kukata shauri. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayowezekana, faida, hatari na gharama zake, na inapowezekana afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Katika Taita Taveta, ambako Kidawida, Kisaghala na Kitaveta huishi pamoja na lugha za wahamiaji wa mjini Voi, Kiswahili ndicho kiwanja ambapo daktari aliyetoka Kisii na mgonjwa aliyetoka Saghala hukutana. Kwa mzee ambaye hata Kiswahili kinamshinda mambo yakiwa mazito, awepo wa kumtafsiria kwa lugha ya nyumbani.

Hitimisho

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kuandaa makongamano, mashindano ya mashairi na safari za kitaaluma. Mambo hayo ni mema na yaendelee. Napendekeza tuongeze jambo moja dogo. Wanafunzi wa Kiswahili, wakishirikiana na wenzao wa uuguzi na tiba na kwa idhini ya hospitali za kaunti, waandike kijitabu kisichozidi kurasa nane kuhusu matibabu ya mionzi ya mifupa, kikiwa na michoro ya mashine na barakoa. Kisha wakisome kwa sauti mbele ya wazee wa Voi na Wundanyi, wafute kila neno ambalo wazee hao hawakulielewa, na waandike jingine mahali pake. Toleo la Kidawida lifuate. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko pale pale Voi, na wana wa wazee hao wamo madarasani mwake.

Katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu hicho yawekwe maswali matano ambayo mgonjwa anaweza kuyachukua kwenda nayo kwa daktari. Ugonjwa wangu uko wapi na wapi kwa sasa? Mionzi hii inakusudiwa kuponya au kutuliza? Nitahitaji kuja mara ngapi, na je, ipo njia fupi zaidi inayofaa kwa hali yangu? Ni madhara gani nitakayoyaona, na yakinipata usiku nikiwa nyumbani nimpigie nani simu? Na ikiwa nitakataa mionzi, ni kipi kingine mnachoweza kunifanyia?

Mzee akiyauliza maswali hayo na kujibiwa, anaweza kukubali mionzi au akaikataa. Vyovyote atakavyoamua, kichwa ni chake, na atakuwa ameamua akijua.